Ngege Mwenye Pasipoti

Tangu Barack Obama ashinde urais wa Marekani mwaka 2008, huku Kisumu jina lake halijapata likizo: kinyozi ni Obama, baa ni Obama, duka la simu ni Obama. Ukiambiwa "tukutane kwa Obama," beba chakula cha njiani.

Lakini bingwa wa mabango ni mwenye hoteli aliyeandika ukutani "Ngege Freshi wa Ziwani." Ukuta ulipakwa rangi bure na kampuni ya soda, basi jina la soda ni kubwa kama jahazi, lake dogo kama omena. Na huyo samaki ngege mwenyewe? Katoka China, barafu mgongoni! Bwana, ziwa liko nyuma ya jiko lako. Nunua samaki ufuoni Dunga, au futa hilo "wa Ziwani."