Mwongozo kwa Aliyekabidhiwa Mtandao wa Ofisi, Morogoro

Hongera. Umekabidhiwa mtandao kwa kuwa uliwahi kuonekana ukichomoa waya wa printa, ukauchomeka tena, ikachapa. Barua ya uteuzi hakuna, posho hakuna. Lawama zinaanza leo.

Kwanza, vitambue vifaa vyako. Juu ya kabati la mafaili pana viboksi viwili vyenye taa. Chenye antena ni ruta. Kingine, chenye matundu manane na vumbi, ni swichi. Swichi ni mjumbe wa nyumba kumi: anajua nani yuko mlango upi, ujumbe anaupeleka palepale, na asipomjua mlengwa anapiga hodi kila mlango isipokuwa ule ujumbe ulikotokea. Nje ya eneo lake hana habari. Kuunganisha mtandao wenu na mitandao mingine ni kazi ya ruta. Kwa hiyo mhasibu akichapa hati kwa printa ya ofisi, swichi inatosha. Akifungua tovuti ya wizara, ndipo ruta inahusika. Usimweleze bosi haya. Kwake vyote viwili ni “waifai”.

Pili, ilinde swichi dhidi ya usafi. Mtu mwenye nia njema ataona waya unaning'inia, hatapenda, ataichomeka ncha yake kwenye tundu lililo wazi. Ncha ya pili tayari iko kwenye swichi hiyohiyo. Sasa kila tangazo ambalo kompyuta hutuma kwa wote linazunguka, linarudi, linatumwa upya, bila kikomo, mpaka hakuna kingine kinachopita. Taa zote zitawaka na kuzima kwa pamoja, kwa kasi, na wenzako watasema leo mtandao una nguvu. Mmarekani Radia Perlman alibuni mwaka 1985 njia ya swichi kugundua mizunguko kama hii na kuikata zenyewe. Swichi za maana zinayo. Yenu ilichaguliwa kwa bei. Fuata kila waya kwa mkono mpaka uupate wenye ncha zote mbili mahali pamoja, uchomoe, unyamaze. Usiulize nani aliuchomeka, anakuzidi cheo.

Tatu, jiandae kwa ruta ya bosi. Chumba chake kiko mwisho wa korido, mawimbi hayafiki, atanunua ruta yake mjini na kuichomeka kwenye swichi bila kukuambia. Kuanzia hapo ruta mbili zinagawa anwani katika ofisi moja, na kompyuta inachukua ya itakayowahi kujibu. Walioangukia kwa bosi wataona alama kamili za waifai na wasipate hata ukurasa mmoja, kwa sababu ruta waliyoelekezwa haina njia ya kutokea nje. Dawa ni dakika mbili: ingia kwenye ruta ile, izuie kugawa anwani. Neno la siri analo kijana aliyeifunga, naye yuko Ifakara. Jaribu “admin”. Litakubali. Usifurahi sana, litamkubalia na mpangaji wa ghorofa ya chini.

Nne, usiutetee mlima. Kilele cha Bondwa katika milima ya Uluguru, mita zaidi ya 2,100 juu ya usawa wa bahari, kina minara ya mawasiliano, na wingu likikifunika ofisi nzima hutazama dirishani na kutikisa kichwa. Kama laini yenu ni ya nyuzi za chini ya ardhi, wingu halihusiki. Kaa kimya. Anayeulaumu Uluguru hakulaumu wewe. Kinachostahili hofu ni radi, ambayo hupita kwenye nyaya na kuua matundu ya swichi moja baada ya jingine. Masika yakianza kunguruma, chomoa kila kitu ukutani. Utachomoa baada ya radi ya kwanza, kama wote waliokutangulia.

Tano, kubali kwamba mengi hayako kabatini. Ukimtumia faili jirani wa ng'ambo ya barabara, na kampuni zenu za intaneti hazikutani hapa, faili litashuka Dar es Salaam na kupanda tena, karibu kilomita 400, ili livuke lami. Na mji huu unaojisifu kuwa kasoro bahari unapata intaneti yake kupitia baharini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya maji, upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchi nzima. Siku kama hiyo ikirudi, bosi atakuita ukazime ruta na kuiwasha. Zima. Hesabu hadi kumi kwa sauti, wakusikie. Washa. Kisha potea stoo, ukikumbuka kwamba simu ya kawaida haihitaji intaneti, na namba yako anayo.