Mzee Jawabu: Rubani Mwenye Njaa

*Shikamoo Mzee Jawabu. Mimi ni rubani wa kindege cha viti vinne hapa Dar. Ijumaa jioni rafiki zangu wananingoja Forodhani, Unguja, tule pamoja. Nitoke kazini niruke, au nipande boti? – Rubani Mwenye Njaa*

Marahaba, mwanangu. Una bahati umeniuliza mimi, maana katika safu hii hakuna anayenizidi kwa mambo ya ndege. (Niko peke yangu, lakini hilo haliondoi sifa.) Siku moja nikienda Mafia nilipewa kiti cha mbele, ubavuni mwa rubani, usukani wa pili ukinigusa magoti. Rubani akanitazama, akasema, "Mzee, tafadhali usiguse kitu." Alishaona kipaji, akahofia kazi yake. Tangu hapo mtaani naitwa Kapteni, na asiyeniita hivyo simkopeshi.

Haya, tuje kwako, ingawa ndipo utamu unapopungua. Dar hadi Unguja ni kama kilometa 70. Kindege cha viti vinne aina ya Cessna 172 huenda kama kilometa 200 kwa saa, basi ni dakika ishirini na kitu, muda ninaotumia mimi kuchagua kofia. Marubani wa Marekani huiita safari ya namna hii "hamburger ya dola mia": mkate wa bei ndogo, mafuta ya kuufuata ndiyo yanayofilisi. Petroli yenyewe ya ndege ndogo hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na nyingine. Niliwahi kuandika barua kupendekeza zambarau. Bado nasubiri jibu.

Adui yako ni giza. Huku kwetu jua halizami, linaanguka. Likishatua, dakika ishirini na ushee tu nawe huoni mkono wako. Macho nayo yanataka kama nusu saa kuzoea giza, na ukichungulia simu yenye mwanga mkali, unaanza upya. Dawa yangu: funga jicho moja kwa leso tangu adhuhuri. Nimeijaribu mwenyewe nyumbani. Kabati liliumia kuliko mimi.

Tena una injini moja, na chini ni maji. Ikizima ukiwa juu mita 1,000, kindege chako huteleza kama kilometa 9 kabla ya kugusa bahari, na bahari ile haiishi kwa kilometa 9. Wengine watakuambia upande juu zaidi na uvae jaketi la kuokolea. Ushauri wa kitoto! Fungia rengu za ngalawa chini ya mabawa. Ngalawa ina mbavu mbili, ndege ina mabawa mawili; nani asiyeuona udugu huo? Fundi wangu wa Kunduchi yuko tayari, mradi asiulizwe cheti. Babu yangu naye alikuwa nahodha, na hadithi ya jinsi alivyopigana na papa kwa kata ya uji inaanza hivi…

Mhariri anasema nafasi inaisha. Basi haraka haraka: omba ruhusa kazini, ruka saa kumi ungali mchana, kilaze kindege uwanjani, nawe ulale Unguja urudi asubuhi. Hutakosa kitu, kwani majiko ya Forodhani hupamba moto magharibi. Kunywa juisi ya miwa ukisubiri.

Binamu zako watadandia safari. Wakatalie. Viti vinne si ruhusa ya kubeba watu wazima wanne na matangi yaliyojaa. Uzito hupigiwa hesabu kwanza. Kwa hesabu yangu, panabaki nafasi ya abiria mmoja tu, mwenye uzoefu, kilo 96 pamoja na viatu.

Ijumaa saa tisa na nusu nitakuwa getini. Kiti cha mbele. Sitagusa kitu, isipokuwa pweza.