Maana Haina Pointi

Katika Scrabble ya Kiingereza, kipande cha Q kina pointi 10, na anayekishika bila U hukunja uso kama aliyetafuna mwarobaini. Bingwa hatikisiki. Anaweka QI, anaandika pointi zake, anavuta vipande vingine. Ukimuuliza QI ni mdudu gani, anakutazama kuanzia viatu hadi kofia. Maana haina pointi, bwana.

Na wala hatanii. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, ilhali Kifaransa chenyewe hakizungumzi. Alikariri orodha ya maneno, akawafunga wenye lugha yao, na hotuba ya ushindi ikahitaji mkalimani. Mwaka 2024 akawafuata Wahispania nao, akawatenda vilevile.

Sisi tuliochapwa bakora kwa ajili ya Kiingereza tangu shule ya msingi tumebaki na Wordle, ile iliyonunuliwa na New York Times mwaka 2022. Neno moja tu la herufi 5, majaribio 6. Likibaki jaribio la mwisho, kidole kinateleza chenyewe hadi kwenye tovuti inayoorodhesha maneno yenye R katikati na E mwishoni. Bahati mbaya ya kidole, hiyo. Kisha viboksi vya kijani vinarushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, bila maelezo, kwa unyenyekevu mkubwa.

Shangazi hujibu kila asubuhi: “Hongera mwanangu, kazi umepata?”