Ishirini za Shemeji

Kila Jumamosi saa tatu usiku, nikishanunua bando kwa pesa ambayo ingeleta kilo ya sukari nyumbani, nageuka mbilikimo mwenye shoka. Usicheke. Mchezo unaitwa Dungeons & Dragons, upo tangu 1974, na watu wazima wenye mvi zao wanaucheza. Msimulizi wetu yuko Toronto, shemeji yuko Mwanza, mimi Dar. Msimulizi anasema joka limetokea, wewe unasema unafanya nini, kisha dadu ya pande 20 inaamua kama umeweza au umeaibika. Ukipata 20, pigo halikosi na madhara yake yanarushiwa dadu maradufu. Ukipata 1, umekata hewa.

Shida ni kwamba kila mtu alikuwa anarusha dadu kwake, kisha anatangaza. Uaminifu, eti. Shemeji anarushia wapi? Nyuma ya kochi, mahali ambapo hata yeye mwenyewe lazima ainame. Unasikia dadu ikibingirika, kimya kidogo, halafu: "Ishirini, shemeji!" Jumamosi moja alizipata tatu mfululizo. Nikachukua kalamu. Ishirini mara ishirini mara ishirini: nafasi moja katika 8,000. Nikaiweka hesabu hiyo kwenye kundi, mbele ya watu. Akajibu "Alhamdulillahi."

Na wala si mwongo wa kijinga, hapo ndipo anaponiudhi. Anarusha kabla zamu yake haijafika, ikija namba nzuri, "hiyo ndiyo yangu." Ikija mbaya, "nilikuwa naipasha moto." Ikipata 3 huku imeegemea mguu wa kochi, haihesabiwi. Ikipata 19 kwenye mguu ule ule, kochi halina kosa.

Nikadai kamera ielekezwe kwenye dadu. Ikaelekezwa. Joka lilipofungua mdomo, kamera ikagoma. Mtandao wa Mwanza unasumbua, akasema, kwa sauti safi kama ya mtangazaji wa redio.

Dadu yangu mimi, iliyokuwa ikinipa 2 na 4 tu, niliishuku pia. Nilisoma kwamba dadu ya plastiki ukiielesha kwenye maji yaliyokolea chumvi, ukaigusagusa, yenye uzito upande mmoja itarudi kuonyesha namba ile ile. Nikamaliza pakiti ya chumvi. Dadu nzima kabisa. Mke wangu alipoonja maharage ya siku ile akaniangalia, akasema kaka yake ana bahati tangu utotoni.

Hatimaye msimulizi akachoshwa na kelele zangu. Sasa hakuna wa kurusha chochote: unabonyeza kitufe, namba inatoka kwenye seva, si kwenye simu yako, wote wanaiona kwa pamoja na inabaki kwenye kumbukumbu. Haifutiki. Hakuna kupasha moto. Nililala usingizi mnono wiki nzima.

Jumamosi ikafika. Nikabonyeza: 1. Shoka likaniponyoka. Zamu ya pili: 1. Ya tatu nilianza kwa bismillahi, nikabonyeza kwa mkono wa kulia: 1. Shemeji alipata 11, 6 na 9, namba za binadamu wa kawaida, na hata nafasi ya kushangilia sikuipata, maana mbilikimo wangu alikuwa tayari katikati ya meno ya joka.

Ujumbe ukaingia kwenye kundi. Shemeji alikuwa ameifukua ile hesabu yangu ya 8,000, akairudisha kama ilivyo, na chini yake ameuliza: "Shemeji, sema ukweli. Umeichakachuaje?"