Nondo ya Njano

Mwaka wa kwanza nilipoongoza kikosi cha msimu cha kupima malisho Simanjiro, nilidhani adui yangu atakuwa majina ya nyasi. Nikakesha nikikariri Kilatini. Shida ni kwamba Kilatini chenyewe kinahama. Mgunga niliousoma chuoni kama Acacia drepanolobium siku hizi ni Vachellia, kwa sababu mabingwa wa mimea walikutana Vienna mwaka 2005, na jina la Acacia likaangukia miti ya Australia. Mgunga wetu haujapewa taarifa. Bado una vile vinundu vyeusi, na sisimizi wanaoishi humo bado wanapenda kola ya shati. Vijana wawili wa kijijini tuliowaajiri wanauita eluai, na eluai haijawahi kuitishiwa mkutano.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unatandaza tepu ya mita 50. Kila nusu mita unadondosha sindano ndefu ya chuma, unaandika ilichogusa: jani, bua kavu, jiwe, mavi ya ng'ombe, au udongo mtupu. Vituo ni 100, kwa hiyo hata mtu aliyegombana na hesabu tangu darasa la nne anapata asilimia bila kukuna kichwa. Mwanzo na mwisho wa tepu tunagongelea nondo iliyopakwa rangi ya njano, ili msimu ujao turudi kwenye mstari uleule. Ukisogea mita tatu tu, umeshapima nyasi za mtu mwingine.

Msimu wa pili tukarudi, masika ndiyo kwanza yanaisha. Simu inasema tumefika. Nondo hakuna. Tukazunguka asubuhi nzima kama waliodondosha pete, hadi suka wetu akajitolea kusogeza gari "kidogo tu". Udongo mweusi wa mbugani ukishashiba mvua hauna huruma. Gari likakaa chini hadi ekseli. Suka akazima injini, akatazama mbele kwa utulivu, akasema, "Bosi, hapa sasa ndipo tumefika."

Maji na vifaa vilikuwa bado vinahitaji kwenda, nikaenda kuazima punda kwenye boma la karibu.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba, mwanangu. Punda yupo, mfungue mwenyewe."

Punda alikuwa amefungwa kwenye nondo ya njano.

Nikaitazama. Mama akaitazama pia, kwa fahari. Akanieleza kwamba mwaka jana kuna watu wema walipita wakawaachia vigingi viwili vizuri sana, havioti kutu wala haviliwi na mchwa. Cha pili kiko kwa shemeji yake, kinachochea moto. Akauliza kama nawafahamu watu wale, maana jirani naye ana punda. Nikasema nitawaulizia.

Lakini aibu kubwa ya msimu ule ilinipata kwenye alalili, eneo linalofungwa lisichungwe ili ndama wapate majani wakati wa kiangazi. Mzee mwenye alalili alikuja kutukaribisha, akaomba kushika sindano. Nikampa, mimi nikashika kishikwambi. Anadondosha, anataja, naandika. Nyasi. Nyasi. Nyasi. Nikaanza kujisikia mtaalamu. Malisho mazuri namna ile ningeyaandikia ripoti kwa herufi kubwa. Tulipofika kituo cha 60 binti mmoja wa kikosi akanivuta mkono.

"Bosi, Mzee anailenga."

Kweli. Palipokuwa na udongo mtupu, Mzee aliipeleka sindano shubiri moja pembeni, akaitua taratibu juu ya shina la nyasi, kama anayemwekea mgeni kikombe cha chai. Nikamweleza kwa adabu kwamba sindano haichagui, inaangukia ilipopangiwa. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mgeni akija kwako," akaniuliza, "unamwanzia chumba ambacho hakijafagiwa?"

Sikuwa na jibu. Nikaichukua sindano mwenyewe, tukaanza upya kituo cha kwanza. Udongo mtupu ukatokea, na shina moja la gugu karoti pia, ambalo Mzee alisema ni la jirani. Nilipofika katikati binti yule akakohoa. Nilikuwa nimeiinamisha sindano kuelekea Cenchrus ciliaris, kwa kuwa pembeni yake palikuwa na kijani fulani nisichokijua jina. Tukaanza tena, mara ya tatu. Safari hiyo sindano alishika binti.

Jioni Mzee aliniomba jambo moja tu: idadi ya vituo vya udongo nisiitaje mbele ya jirani.

Siku hizi nondo tunazizamisha, inabaki ncha ya shubiri juu ya ardhi. Hata hivyo, msomaji, ukipita Simanjiro ukakuta kichuma cha njano kimechomoza peke yake porini, tafadhali kiache. Kile chenye punda tulishasamehe.