Namna ya Kumwiba Lilith na Ukabaki na Heshima Yako

Unataka kumchora au kumwandika Lilith, yule pepo wa kike wa ngano za Kiyahudi, na unaogopa utaambiwa umenakili. Utanakili, ndugu yangu. Tulia. Hakuna aliyemgusa bila kumwibia aliyemtangulia, na sifa wamepata vilevile. Nitakufundisha kuiba vizuri.

Kwanza, habari njema: maandiko hayatakubana. Katika Biblia ya Kiebrania jina lake limetajwa mara moja tu, Isaya 34:14, kati ya wanyama wa mwituni kwenye magofu ya Edomu. Hana mume, hana kisa, hana sura. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inamwongezea nywele ndefu, mabawa, na onyo kwa mwanamume asilale peke yake nyumbani. Basi. Yote hayo utayamaliza chai haijapoa. Kilichobaki watu walijijazia, na ruhusa hiyo hata wewe unayo.

Sasa iba kisa. Nenda moja kwa moja kwenye Alfabeti ya Ben Sira, kitabu cha kati ya karne ya 8 na ya 10 ambacho mwandishi wake hajulikani, kwa hiyo hakuna wa kukudai. Humo ndimo kinamopatikana kisa ambacho wengi hudhani kimo katika Mwanzo. Lilith anaumbwa kwa udongo kama Adamu, wanagombania nani awe juu na nani awe chini, hakuna anayekubali kushuka. Lilith anatamka Jina la Mungu lisilotamkwa, anaruka, anakwenda zake. Malaika watatu, Senoy, Sansenoy na Semangelof, wanamfuata hadi baharini, naye anakataa kurudi. Ugomvi, kutoroka, msako, kukataa: kazi ngumu ya mtunzi umefanyiwa bure.

Wezi wavivu hufunga kitabu hapo. Wewe soma mistari michache zaidi. Lilith anakubali watoto wake 100 wafe kila siku. Naye anadai mamlaka juu ya watoto wachanga wa binadamu, wa kiume hadi siku ya 8, wa kike hadi siku ya 20. Akiona majina ya wale malaika kwenye hirizi, atamwacha mtoto. Hapo ndipo penye mali, na wachoraji wengi wameipita bila kuinama.

Ukitaka kuiona mali yenyewe, tafuta picha za mabakuli ya Nippur, nchini Iraki. Ni ya udongo, ya kati ya karne ya 5 na ya 8 hivi, na mtaalamu James Montgomery alichapisha maandishi yake mwaka 1913. Lichungulie moja kwa ndani. Maneno ya Kiaramu yamezunguka kwa wino, mzunguko juu ya mzunguko, na mara nyingine katikati amechorwa pepo, nywele timtim, miguu imefungwa pingu. Kisha bakuli lilifukiwa nyumbani, limefunikwa kifudifudi. Aliyekulia pwani yetu na kuona kombe likiandikwa kwa zafarani hatahitaji kuelezwa sana, ila kombe huoshwa likanywewa, na bakuli hili lilikuwa mtego wa pepo. Baadhi yake yana talaka kamili. Wenye nyumba wanamwandikia Lilith hati ya kumwacha, kwa jina la rabi Yoshua bin Perahia, kama mume anavyomwacha mke, kisha wanamwamuru atoke. Na mwenye bakuli hutajwa kwa jina la mama yake. Hebu fikiri: watu walioishi naye kiasi cha kulazimika kumpa talaka! Hakuna mtunzi wa leo aliyebuni kitu kizito kuliko hicho. Kichukue hivyo hivyo kilivyo.

Najua, unataka pia kupendeza ukutani. Basi iba nywele. Mshairi Goethe alimwonya msomaji dhidi ya nywele hizo katika tamthilia yake Faust, mwaka 1808, na mchoraji Dante Gabriel Rossetti akazichora kati ya 1866 na 1868: mwanamke anachana nywele, anajitazama kwenye kioo, wala hana habari na wewe. Rossetti naye alijua njia ya mkato. Mwaka 1872 alirudi kwenye picha ileile, akaondoa uso wa mwanamke aliyemkalia achorwe, Fanny Cornforth, na kuweka wa mwingine, Alexa Wilding. Iko Delaware, Marekani, na inavutia kweli. Lakini mtoto hayumo, hofu ya mama haimo. Chukua nywele, usikae hapo.

Tahadhari moja. Uingereza, katika British Museum, kuna kigae cha Babeli chenye mwanamke mwenye mabawa na makucha ya ndege, simba wawili chini yake na bundi pembeni. Zamani kiliitwa Lilith. Siku hizi wataalamu wengi humtaja Ishtar au Ereshkigal. Makucha iba. Usidanganye tu kwamba umepata picha yake halisi.

Na siri ya mwisho: badilisha kitu kimoja tu. Mwaka 1972 mwanatheolojia Judith Plaskow, katika kisa chake, aliacha bustani ya Edeni, ukuta na Adamu vilevile, akabadilisha watu wanaokutana: Hawa na Lilith wanazungumza, wanakuwa marafiki. Mwaka 1994 mchongaji Kiki Smith alimtengeneza Lilith kwa shaba, macho ya kioo, akabadilisha mahali pa kukaa tu. Akambandika ukutani, kichwa chini, anakugeuzia jicho. Mbinu zote hizi ni rahisi kueleza, na kila moja ilitosha.

Usimwoshe, nakusihi. Mwache awe yule aliyekataa kulala chini, na awe yuleyule aliyeogopwa na kila mzazi. Kisha andika wazi ulikoiba. Na kabla hujampelekea mhariri, mpe asome mama aliyewahi kuzika mtoto mchanga, kama atakubali. Akikwambia humjui Lilith, futa, rudi kwenye mabakuli, anza upya.