Hongera kwa Sola Inayopinda

Tuwape makofi waliobandika paneli nyembamba ya sola juu ya bati la gari, kisha wakaipakia mikungu ya ndizi kutoka Ijumbi hadi Bukoba mjini. Waoga huacha upenyo wa hewa chini ya paneli. Mashujaa hutumia gundi. Kiwandani paneli hupimwa kwa nyuzi joto 25, lakini tuko huru tangu 1961: bati letu la saa saba mchana halipangiwi joto na mtu.

Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, ila haliwezi kubeba hata mkungu mmoja. Megawati 80 za Rusumo zinagawanywa na nchi tatu. Wati za paneli yetu hazina ugomvi wa kugawana.

Ziwani nako, mvuvi wa dagaa anayeielekeza paneli juani mchana ili taa ziwake usiku anajisumbua. Mwenzake ameitandika mtumbwini, akaifunika nyavu, akaikalia. Si inapinda?

Na betri isipojaa, fundi ana jibu la kitaalamu: mawingu ya Kagera yamezidi.